Serifu ya Mpanuko

Serifu ni kile kitokezo kidogo kwenye ncha ya mstari wa herufi. Katika fonti nyingi za vitabu huonekana kama kijiti kilicholazwa juu au chini ya mstari. Lakini kuna herufi ambazo mstari wake ni mwembamba kiunoni, kisha unaongezeka upana taratibu hadi nchani, kama zumari inavyofunguka kuelekea mwishoni. Hapo hakuna kilichobandikwa: mstari wenyewe ndio uliogeuka kuwa serifu. Umbo hili naliita serifu ya mpanuko. Kusema “miisho mipana” hakutoshi, maana hata serifu nene za mstatili zina miisho mipana. “Mchanuo” nao unavuta fikra kwenye ua na pambo. Kitenzi kupanuka kinabeba mwendo unaotoka ndani ya kitu chenyewe, na mwendo huo ndio sifa tunayoitafutia jina.

Ushahidi mzuri ni fonti iitwayo Albertus. Berthold Wolpe, aliyezaliwa Offenbach, Ujerumani, mwaka 1905, alikuwa akitengeneza maandishi ya shaba. Stanley Morison wa kampuni ya Monotype alivutiwa na kazi hiyo, na mwaka 1932 akamwomba abuni fonti hiyo. Katika maandishi yale herufi haikuchimbwa; kilichoondolewa ni madini yaliyoizunguka, hadi yenyewe ikabaki imeinuka. Kwa kuwa chombo kilifanya kazi kutoka nje, umbo lilibaki nene na sahili, na vijiti vyembamba vya serifu havikuwa na nafasi. Mpanuko ukatosha kuipa ncha ukali wake.

Kutokana na historia hiyo, mtu anaweza kudai kwamba jina lifaalo ni “herufi za kuchongwa”. Hoja hii ina uzito: Maximilien Vox, Mfaransa aliyepanga fonti katika makundi mwaka 1954, alilipa kundi hili jina linalotokana na uchongaji. Hata hivyo, herufi za Nguzo ya Trajan kule Roma, za mwaka 113, zimechongwa kwenye jiwe na zina serifu kamili. Tena Edward Catich, katika kitabu chake cha mwaka 1968, alitetea kwamba serifu hizo zilitokana na brashi iliyochora herufi kabla ya patasi kupita. Basi patasi peke yake haitofautishi kundi moja na jingine. Umbo ndilo linalotofautisha, na msomaji huona umbo, haoni patasi.

Unene nao unahitaji neno lake. Tumezoea kusema maneno “yaliyokolezwa wino”, na kwa maelekezo ya mtihani inatosha. Lakini wino haubadiliki. Kinachobadilika ni upana wa mstari, hivyo “herufi nene” ni sahihi zaidi. Tofauti hii ina matokeo kazini. Kiuno kikinenepa, mpanuko hubakiwa na nafasi ndogo ya kuonekana, na matundu ya a na e huanza kuziba. Kwa hiyo serifu ya mpanuko iliyo nene haifai kwa aya ndefu za maandishi madogo. Mahali pake ni pale maneno yanapokuwa machache na makubwa: majalada ya vitabu, kama yale ambayo Wolpe aliyasanifu kwa shirika la uchapishaji la Faber tangu 1941, na vibao vya majina ya mitaa ya City of London, ambavyo vimeandikwa kwa Albertus.