Kutoka vichochoro vya Chula hadi viwanja vya Midnimo

Chula, kwenye kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, ni mji wa kutembea kwa miguu. Nyumba za mawe ya matumbawe na za makuti zimekaribiana, na vichochoro kati yake vinapinda, vinakutana, vinapinda tena hadi msikitini au pwani. Mbeba mtungo wa samaki akikutana na mwenzake, mmoja huegemea ukuta ampishe. Safari ya mbali ni ya mashua, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, mpaka Kismayo, bandari iliyoko bara.

Kismayo ndio mji uliotanuka. Jina lenyewe, wasemavyo Wabajuni, ni kisima iu, kisima cha juu. Ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha Waingereza, na mwaka 1925 Waitalia wakakabidhiwa Jubaland, eneo lenye Kismayo. Mitaa ya katikati imenyooka na kukatana, kwa hiyo njia moja ikifungwa unashika ya pili. Miaka ya 1960 bandari mpya ikajengwa kwa msaada wa Marekani, kwenye kisiwa kilichounganishwa na bara kwa tuta. Kisiwa hicho, cha safu ileile ya Wabajuni, kikapata barabara. Chula kikabaki na kusi na kaskazi.

Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya Wabajuni. Wengi walikimbilia Kenya. Baadhi ya waliorejea walikuta nyumba zao zina watu wengine. Njia ya kushuka pwani, hata hivyo, ilikuwa palepale.

Kudumu huko kwa njia ndiko kunakonifanya niitazame kwa wasiwasi Kismayo ya leo. Tangu Desemba 2014 wakimbizi wa kambi za Dadaab, Kenya, wamekuwa wakirejeshwa, na ukame na mapigano yamewaleta wengine kutoka vijijini. Makazi kama Dalxiiska na Midnimo yameusukuma mji nje, mbali na soko na bandari. Mwenye toroli la madumu ya maji anajua maana ya njia isiyotokea: hurudi alikotoka, azunguke upya.

Njia zisizotokea hazipatikani Kismayo pekee. Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha mwaka 2015 kwamba mitaa mipya ya Marekani ilizidi kukosa miunganiko kwa miongo mingi, hadi kilele cha mwaka 1994 hivi. Mitaa ile ingali vilevile. Kuvunja nyumba za watu ili kutoboa njia ni kazi nzito mno.

Lakini huko Kismayo, viwanja vingine bado ni kamba na vigingi mchangani. Kigingi hung'olewa kwa mkono.