Boyi ya Nani? Historia ya Élisabethville Iliyoandikwa na Watumishi

Nkambo yangu anaishi Kamalondo tangu alipoolewa, na kila anapokwenda posta husema, "Naenda ku ville." (Nkambo kwetu Lubumbashi ni bibi au babu. Wenzangu wa pwani wasije wakafikiri ninamzungumzia mama wa kambo.) Kamalondo imo Lubumbashi na posta imo Lubumbashi, na mwendo wake kwa miguu si wa kuchosha. Utotoni sikuona ajabu katika usemi huo. Nilipoanza kusoma historia ya jiji letu ndipo nilipoelewa kwamba nkambo anatembea juu ya ramani iliyochorwa kabla hajazaliwa, na sisi wajukuu tunaitumia vilevile.

Jiji lilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, na likaitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Reli hiyo haikuleta mashine za migodi peke yake. Ilileta pia Wazungu kutoka Rhodesia na Afrika Kusini, pamoja na desturi zao za kumtenga Mwafrika. Wabelgiji walipenda kusema kwamba wao hawana sheria ya ubaguzi wa rangi kama ile ya majirani zao. Labda katika vitabu vya sheria neno lenyewe lilikuwa nadra, lakini ardhini lilionekana wazi. Upande mmoja palikuwa na mji wa Wazungu, upande wa pili makazi ya Waafrika, na katikati ukanda mtupu ambao hakuna aliyeruhusiwa kujenga nyumba. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu aliyemuuma Mwafrika mwenye malaria asiweze kuruka umbali ule hadi kwenye kitanda cha Mzungu.

Mbu hawakusoma tangazo hilo. Tena wapangaji wenyewe walilivunja, kwa sababu mji wa Wazungu haukuweza kuishi siku moja bila mpishi, mfua nguo, mlinzi wa bustani na yaya. Nyuma ya nyumba nyingi za Wazungu, mwisho wa kiwanja, kulijengwa vyumba vidogo vya watumishi walioitwa maboyi. Mtu aliyehesabiwa kuwa hatari kwa afya akionekana barabarani usiku bila kibali ndiye aliyekanda mkate wa bwana alfajiri na kumbeba mtoto wa bwana mgongoni. Kwa maoni yangu jambo hili linatosha kuonyesha kwamba hoja ya afya ilikuwa kisingizio. Kilichopimwa kwa mita kilikuwa cheo.

Mishahara ilifuata ramani hiyohiyo. Ubelgiji ilipotekwa na Wajerumani mwaka 1940, shaba ya Katanga ilihitajiwa sana na nchi za Muungano zilizopigana na Hitler. Kazi iliongezeka, bei za vitu zikapanda. Mwaka 1941 wafanyakazi Wazungu wa kampuni ya Union Minière walidai haki zao na kusikilizwa. Wafanyakazi Waafrika walitazama, wakajifunza, na mwezi wa Disemba wao pia wakagoma. Tarehe 9 Disemba 1941 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari walifyatua risasi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, wengine wakitaja makumi na wengine zaidi ya mia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa miaka sita baada ya tukio hilo, aliliweka katika picha zake za historia ya nchi katika miaka ya 1970, ishara kwamba habari hizi ziliendelea kusimuliwa mitaani.

Baada ya vita serikali ilitafuta njia laini. Mwaka 1948 ikaanzisha kadi ya sifa ya uraia kwa Waafrika "walioendelea", na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi la kuandikishwa. Mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: anakulaje, mkewe anavaaje, watoto wanalala wapi. Walioandikishwa katika daraja hilo la juu katika nchi nzima walizidi mia mbili kidogo tu. Patrice Lumumba alikuwa mmoja wao, baada ya kuhangaika sana. Ndiye huyo aliyesimama tarehe 30 Juni 1960 mbele ya mfalme wa Ubelgiji na kukumbusha kwamba Mwafrika aliambiwa "tu" kwa Kifaransa, wala si kwa urafiki, huku "vous" ya heshima ikiwekewa Wazungu peke yao. Malalamiko kuhusu kiwakilishi! Wanaisimu tungepaswa kuikumbuka hotuba hiyo kila tunapofundisha sarufi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lugha yetu wenyewe, na hapa sina raha. Tunapenda kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya ukombozi. Katika Tanzania ya Mwalimu Nyerere ni kweli. Katanga mambo yalikuwa na sura mbili. Kiswahili kilikuwapo kabla ya Wabelgiji, kwa njia ya misafara ya biashara, lakini kilienea mijini kwa sababu Union Minière ilikihitaji kambini, hasa ilipoajiri watu kutoka Maniema, Kasai na Ruanda-Urundi ambao hawakuwa na lugha moja. Vitabu vidogo vya msamiati viliandikwa ili Mzungu ajue kuagiza: leta, toa, osha, ngoja. Mtumishi alihitaji kuelewa, kujibu hakukutarajiwa.

Lakini mtumishi alijibu. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Élisabethville kilitoa maandishi yaliyopigwa chapa kwa mashine na kutayarishwa na André Yav. Kichwa chake ni cha Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, na kinaahidi msamiati. Ndani hamna msamiati: mna historia ya jiji kuanzia kuja kwa Wazungu, kwa Kiswahili cha Katanga, kama ilivyoonekana kutoka jikoni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Maneno yameungana au kukatika pasipotarajiwa, na vituo havifuati kanuni ya shule. Ilibidi Kalundi Mango, msaidizi wake, ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke.

Nilipopendekeza maandishi hayo yajadiliwe katika semina yetu, mwenzangu mmoja alisema hatuwezi kujifunza Kiswahili kwa mtu asiyejua ngeli. Darasa likacheka. Nami nilicheka kidogo, naona aibu kukiri. Kanuni ninazijua na ninazitumia katika insha hii, maana nataka isomwe Bujumbura na Dodoma pia. Ila kumfungia mtu mlango wa historia kwa sababu ya ngeli kunafanana mno na yule mkaguzi aliyekuja kutazama kama mwombaji wa kadi anakula kwa uma. Yav hakuomba kadi. Alisimulia mabwana bila kuwaomba ruhusa, na ninavyoona mimi hilo lina uzito kuliko "ya" mahali pa "wa".

Likizo iliyopita nilimsomea nkambo kurasa chache kwa sauti, kama alivyofanya Kalundi Mango. Yeye hakukwama popote. Mara nyingine alimalizia sentensi kabla yangu. Baadaye aliniuliza nani ameandika. Nikamwambia ni mtu aliyekuwa boyi.

"Boyi ya nani?" akauliza.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba zamani swali lilikuwa hilo. Baba yake alifanya kazi ya upishi miaka mingi, na mtaani watu walimwita kwa jina la bwana wake. Barua zake zilifika kwa jina hilo. Mtoto wa jirani alipotumwa kumwita, alimwita kwa jina hilo. Nkambo alijua jina halisi la baba yake akiwa msichana mkubwa, siku alipomsikia shangazi kutoka kijijini akilitamka mlangoni, na alidhani amepotea nyumba.