Kutoka Mkono wa Fundi hadi Nati: Historia ya Ubadilishaji wa Mtutu wa Bunduki Nyumbani nchini Marekani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kazi ya kubadilisha mtutu wa bunduki ilivyohama kutoka karakana ya fundi hadi nyumbani kwa mmiliki nchini Marekani, kuanzia karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Hoja kuu ni kwamba uhamaji huo haukutokana na wamiliki kupata ustadi wa mafundi, bali ulitokana na ustadi huo kuhamishiwa kwenye vifaa: kwanza kwenye geji, kisha kwenye nati. Inaoneshwa pia kwamba sheria ya mwaka 1968 iliuacha mlango wazi kwa kuitambua fremu, si mtutu, kuwa ndiyo bunduki. Kwa kulinganisha na Uingereza, ambako sheria ya mwaka huohuo ilishika njia tofauti, makala yanahitimisha kwamba swali la nani aruhusiwe kubadilisha mtutu ni swali la nani anawajibika kwa kipimo.

1.0 Utangulizi

Mtutu ni miongoni mwa sehemu za bunduki zinazochakaa mapema. Kila risasi inapofyatuliwa, gesi yenye joto kali na mgandamizo mkubwa hupita juu ya chuma kilekile, na mifereji ya mzunguko inayoizungusha risasi huliwa kidogo kidogo, hasa pale inapoanzia. Kwa hiyo mtu anayeitumia bunduki yake sana hufikia siku ambapo mbao za kitako, komeo na kifyatulio bado ni vizima, lakini shabaha imepotea. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo linaonekana kuwa la ufundi tu: je, mtutu unaweza kubadilishwa, na nani wa kuubadilisha?

Ili swali hilo lieleweke, istilahi tatu zinahitaji ufafanuzi. Fremu ni mwili wa chuma unaobeba komeo na ambao kwa kawaida mtutu hufungwa kwake kwa hesi. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea ganda la risasi. Kipimo cha chemba, kama kinavyotumika katika makala haya, ni umbali kati ya uso wa komeo lililofungwa na pale ganda linapozuiwa lisiendelee mbele. Umbali huo ukipungua, komeo halifungiki. Ukizidi, ganda hutanuka kupita kiasi, linaweza kukatika, na gesi ikarudi nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji. Tofauti kati ya usalama na hatari ni sehemu chache za elfu za inchi. Historia inayofuata ni historia ya namna kipimo hicho kilivyobadilisha walinzi wake.

2.0 Mtutu wa Chuma Laini na Mkono wa Fundi

Katika karne ya 18, mafundi wenye asili ya Kijerumani waliohamia Pennsylvania, hasa katika eneo la Lancaster, walitengeneza bunduki ndefu za kuwindia zilizopata sifa kubwa. Mtutu ulifuliwa kwa bamba la chuma laini lililokunjwa kuzunguka ufito na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Kisha ulitobolewa na kukatwa mifereji kwa mkono. Hizi zilikuwa bunduki za kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, jamii moja na zile ambazo Waswahili huziita magobori. Hazikuwa na komeo wala ganda la risasi, na kwa hiyo hazikuwa na kipimo cha chemba.

Hata hivyo, mtutu wake haukubadilishwa kwa urahisi. Kitako kilichongwa kuufuata mtutu mmoja mahususi, na kalibu ya kusubia risasi ilitengenezwa kulingana na tundu la mtutu huohuo. Mifereji ilipochakaa au kuliwa na masizi ya baruti nyeusi, fundi aliikata upya na kuiongezea kina, na tundu likawa pana kidogo. Mwenye bunduki aliondoka na kalibu mpya. Mtutu uleule uliweza kurudi kwa fundi zaidi ya mara moja. Katika mfumo huo, bunduki ilikuwa kitu kimoja kisichogawanyika, na maarifa ya vipimo vyake yalikaa katika mikono na macho ya fundi aliyeitengeneza.

Wazo la sehemu zinazoweza kubadilishana lilianza kuuvunja mfumo huo. Nchini Ufaransa, Honoré Blanc alilionesha mwaka 1785 mbele ya Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko. Nchini Marekani kwenyewe, John H. Hall alilifanikisha katika miaka ya 1820 kwenye kiwanda cha serikali cha Harpers Ferry kwa kutumia mashine na seti za geji. Baadaye bunduki ya jeshi ya mwaka 1842 ilitengenezwa kwa wingi katika viwanda vya Harpers Ferry na Springfield ikiwa na sehemu zinazobadilishana kikamilifu. Katika hatua hii maarifa yaliyokuwa mkononi mwa mtu yaliandikwa, kwa mara ya kwanza, katika kipande cha chuma: geji haijui mtengenezaji, inajua tu kama kitu kinaingia au hakiingii.

3.0 Baruti Isiyo na Moshi na Mamlaka ya Geji

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapokea bunduki ya Lebel iliyoitumia. Mgandamizo na joto ndani ya mtutu vilipanda. Chuma laini cha zamani hakikufaa tena. Nchini Marekani, kampuni ya Winchester ilipoleta sokoni risasi ya .30-30 mwaka 1895, iliifungia mitutu ya feleji yenye nikeli.

Mabadiliko hayo yalikuwa na matokeo mawili yanayopingana. Kwa upande mmoja, nguvu ya risasi za kasi kubwa ilifanya sehemu ya mbele ya chemba iliwe haraka, na kwa hiyo mtutu ukawa kitu cha kubadilishwa, si cha kukatwa upya. Kwa upande mwingine, kosa katika kipimo cha chemba lilikuwa hatari zaidi kuliko kosa lolote alilowahi kulifanya fundi wa Lancaster. Mtutu wa bunduki za kijeshi za wakati huo ulikazwa ndani ya fremu mpaka bega lake likagota, kisha chemba ikakatwa mpaka kina kinachoifaa fremu hiyo na komeo hilo. Chuma kikishakatwa hakirudi. Aliyezidisha kina hakuwa na njia ya kurekebisha isipokuwa kuurudisha mtutu kwenye kerezo, kulisogeza bega lake nyuma na kuanza upya.

Viwanda vililinda kipimo hicho kwa jozi ya geji: komeo lilipaswa kufungika juu ya geji ya kwanza na kukataa kufungika juu ya ya pili. Julian Hatcher, ofisa wa silaha wa jeshi la Marekani, aliieleza mada hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1947, *Hatcher's Notebook*, kilichosomwa sana na raia wapenda shabaha. Maarifa yaliyokuwa ya kiwandani yakawa ya kusomeka sebuleni.

4.0 Silaha za Ziada na Karakana ya Nyumbani

Msomaji huyo wa sebuleni alikuwa tayari na bunduki ya kuifanyia kazi. Mwaka 1903 Marekani iliunda bodi ya taifa ya kukuza ulengaji shabaha miongoni mwa raia, na silaha za ziada za jeshi zikaanza kuuzwa kwa vilabu na wanachama wake kwa bei nafuu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, bunduki za M1917 zilizotengenezwa upya zilifungwa mitutu mipya kutoka kampuni za Johnson Automatics na High Standard. Baada ya vita hivyo, bunduki za Mauser na nyinginezo kutoka Ulaya ziliingia Marekani kwa wingi, na nyingi ziliuzwa kwa posta.

Bunduki nyingi kati ya hizo zilikuwa na fremu nzuri na mitutu iliyochakaa. Soko lilijibu kwa mtutu ambao hesi zake zilikuwa tayari, lakini chemba yake imeachwa fupi kidogo kwa makusudi. Mnunuzi aliukaza kwenye fremu kwa jiliwa na spana maalumu, kisha akaimalizia chemba kwa kekee ya mkono, akipima kwa geji kila baada ya mizunguko michache.

Hatua hii ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Kiwanda kilikuwa kimeshafanya sehemu kubwa ya kazi, lakini kilimwachia mmiliki uamuzi wa mwisho na wa hatari zaidi: wakati wa kusimama. Geji ilimwambia kama amefika, haikumzuia kupita. Ustadi ulikuwa umepungua, lakini uvumilivu ulibaki kuwa sharti.

5.0 Nati ya Mwaka 1958

Sharti hilo liliondolewa na uvumbuzi uliokusudiwa kwa jambo jingine. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ilianza kuuza bunduki ya Model 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer. Badala ya mtutu kugota kwenye bega lake, ulishikiliwa na nati ya mviringo. Mfanyakazi aliweka geji katika chemba iliyokwisha kukatwa kikamilifu, akafunga komeo, akaukaza mtutu mpaka ukaigusa geji, kisha akaifunga nati. Lengo lilikuwa kupunguza gharama za kiwandani: kipimo kilipatikana kwa kuzungusha hesi, bila kukata chuma.

Kilichorahisisha kazi ya mfanyakazi wa kiwandani kilirahisisha pia kazi ya mmiliki. Kosa sasa liliweza kufutwa kwa kulegeza nati. Baada ya muda, watengenezaji wa mitutu walianza kuuza mitutu yenye chemba kamili kwa ajili ya bunduki hizo, na baadaye mtindo wa nati ulihamishiwa kwenye fremu za bunduki nyingine.

Bunduki ya AR-15, iliyotokana na kazi ya Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, ilikwenda mbali zaidi. Komeo lake hujifunga ndani ya kipande cha chuma kilichounganishwa na mtutu kiwandani, si ndani ya fremu. Kipimo cha chemba husafiri pamoja na mtutu, na kazi inayobaki nyumbani ni kukaza nati kwa spana.

6.0 Sheria Mbili za Mwaka 1968

Teknolojia peke yake isingetosha. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 iliihesabu hata sehemu yoyote ya silaha kuwa silaha. Baada ya Rais John F. Kennedy kuuawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta, mjadala mrefu ulizaa sheria mpya, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 22 Oktoba 1968. Sheria hiyo ilibana biashara ya silaha kwa posta, lakini ilipunguza upana wa tafsiri: watunga sheria waliona kwamba haiwezekani kudhibiti kila kipande kidogo, wakaibakiza fremu tu. Namba ya utambulisho ikakaa kwenye fremu, na mtutu ukawa bidhaa ya kawaida. Mipaka ilibaki, kwa mfano mtutu wa bunduki ya begani ulio mfupi kuliko inchi 16 huhitaji kibali cha serikali kabla ya kufungwa.

Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha Sheria ya Silaha iliyohesabu sehemu ya silaha kuwa silaha, na marekebisho ya mwaka 2017 yaliutaja mtutu waziwazi. Zaidi ya hayo, nchi hiyo ina desturi ya majaribio ya lazima: nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813, na sheria ya mwaka 1868 ilikataza kuuza silaha ambayo mtutu wake haujajaribiwa kwa mgandamizo uliozidishwa na kupigwa mhuri. Huko mtutu mpya huandikwa kwenye cheti cha mmiliki, na kipimo chake kina shahidi.

Uamuzi wa Marekani ulikuwa na kitendawili chake. Kanuni za utekelezaji ziliieleza fremu kuwa ni sehemu inayobeba nyundo, komeo na mfumo wa kufyatulia, na ambayo kwa kawaida ina hesi za kupokea mtutu. Katika AR-15 sifa hizo zimegawanyika katika vipande viwili, na kipande chenye namba hakiushiki mtutu. Washtakiwa kadhaa waliutumia upungufu huo mahakamani. Kanuni mpya ilitolewa mwaka 2022, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bondi dhidi ya VanDerStok, iliidumisha kuhusiana na fremu zisizokamilika na seti za kuunganisha. Sheria ilikuwa ikiufukuzia ufundi ulioitangulia kwa zaidi ya nusu karne.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mtutu ulifika nyumbani kwa hatua tatu. Fundi wa Lancaster alikuwa na kipimo mkononi. Geji ilikitoa mkononi mwake na kukiweka katika chuma. Nati ilimwondolea mmiliki hofu ya kosa lisilorekebishika. Katika kila hatua ustadi unaohitajika ulipungua, lakini hatari iliyomo ndani ya chemba haikupungua hata kidogo. Mgandamizo haujali kama aliyekaza hesi ni fundi au si fundi.

Hapa ndipo tofauti ya sheria mbili za 1968 inapopata uzito wake. Uingereza iliuweka wajibu wa kipimo kwenye cheti na mhuri, kwa gharama ya uhuru wa mmiliki. Marekani ilimwachia mmiliki uhuru, na pamoja nao wajibu wote, bila kumdai athibitishe kwamba amepima. Nati inaweza kushikilia kipimo kilichopatikana, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kuitia geji ndani ya chemba kabla ya risasi ya kwanza. Tendo hilo moja, dogo na lisiloonekana na mwingine yeyote, ndilo lililobaki la kazi ya fundi, na katika mfumo wa Marekani linategemea dhamiri ya aliyeshika spana.