Chungu cha Eero: Wanawake Waliozitangulia Baa za Kisii

Kuna dai lililozoeleka Kisii na Nyamira hata halihojiwi tena: kwamba Abagusii hawakuwa na starehe za usiku, walilala na kuku, mpaka Mzungu alipowaletea mji na chupa. Utalisikia kwa mhubiri, utalisikia kwa mwanasiasa anayetaka baa zifungwe, na utalisikia kwa mwenye baa anayejiona ndiye aliyeleta maendeleo. Wote wamekosea, na kosa lao limewadhulumu watu wa namna moja hasa: wanawake waliopika pombe.

Ushahidi tunao tangu 1966. Mwaka huo kilichapishwa kitabu cha Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Kimarekani walioishi Gusii katikati ya miaka ya 1950, kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo. Kwa kuwa kilitoka katika mfululizo uliolinganisha malezi ya watoto katika jamii sita za ulimwengu, wanaokifungua ni watu wa elimu na saikolojia. Wanatafuta mtoto aliachishwa ziwa lini na aliadhibiwa vipi. Habari za pombe wanazipita. Ukizisoma kwa makini, tena ukiziweka kando ya maandishi ya Philip Mayer, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1940, dai lile halisimami.

Nyumba ya mke ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni wa meko, watoto na malazi. Wa pili ni eero, mahali ambapo mume alipokea wageni, na mgeni akiingia aliona kwanza chungu cha amarwa, pombe ya nafaka. Wazee walikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, ncha ya chini imefungwa kichujio kilichosukwa ili makapi yasipande. Chungu kikipungua kiliongezwa maji ya moto, na mazungumzo yakaendelea hadi giza likaingia. Mzee alikalia kigoda cha mti kilichopachikwa shanga, vigoda vilevile ambavyo leo watalii hununua kama mapambo. Obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito ya chini, lilipigwa na aliyelijua.

Wala haikuwa holela. Chinsoni, kanuni za haya kati ya baba na mwana na kati ya wakwe, ziliamua nani aketi karibu na nani, na nani asikanyage pale kabisa. Kina LeVine hawakuficha ubaya wake pia: hasira ambazo mtu alizimeza akiwa timamu alizitapika akishalewa, na ndugu wakashikana. Hilo ni kweli na lisemwe. Lakini mahali penye viti vya heshima, muziki, kanuni na hata ugomvi wake pana kila kitu ambacho baa ya leo inacho, ila kaunta.

Na nani alikipika kile kinywaji? Unga wa mahindi ulilowekwa ukachachuka kwa siku kadhaa, kisha ukakaangwa juu ya moto mpaka ukawa chembechembe za rangi ya kahawia zinazonukia kama mkate. Pembeni wimbi lilikwisha kuoteshwa, likakaushwa na kusagwa kuwa kimea. Vikachanganywa na maji vikaachwa vichemke vyenyewe. Mwanamke alijua kwa kusikiliza: povu likipungua mlio, pombe iko tayari, ikizidi siku inageuka siki. Wimbi lilikuwa la shamba lake. Majirani walipokuja kulima kwa risaga, ule ushirika wa kazi, malipo yao yalikuwa chungu chake. Kwa lugha ya leo, yeye ndiye aliyelipa mishahara ya kijiji.

Habari za kuja kwa Waingereza zinajulikana: msafara wa adhabu wa 1905, kisha mji wa kiserikali pale Getembe, ndipo Kisii ya leo, halafu Otenyo na mkuki aliomchoma nao Northcote, afisa wa Kiingereza, na msafara wa adhabu wa 1908. Wavulana nao walipoteza usiku wao: ebisarate, kambi za ng'ombe walikolala wakilinda mifugo, zilivunjwa kufikia 1913. Kinachonishangaza ni kwamba wanahistoria wetu wameandika mengi kuhusu mkuki ule na machache sana kuhusu familia za Wanubi.

Hawa walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na jamaa zao wakakaa kando ya miji ya utawala, Kisii ikiwemo, kama walivyokaa Kibra kule Nairobi. Wanawake wao walikuja na ujuzi ambao wengi huku hawakuwa nao: kukusanya mvuke wa pombe iliyochachuka na kuupoza uwe kinywaji kikali. Waingereza waliandika katika majalada yao "jini ya Wanubi". Sisi tunaiita chang'aa. Ujuzi huo ulienea Afrika Mashariki, na katika vilima vyetu ulikutana na wapishi wa amarwa, ambao hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuchachua nafaka. Walichoongeza ni sufuria mbili na maji baridi. Naona hapo ndipo baa ya Kisii ilipozaliwa. Haikuzaliwa klabuni kwa Wazungu, ambako Mwafrika aliingia kubeba trei.

Maana sheria ilikuwa wazi kuhusu rangi. Kenya Breweries ilianza kutengeneza bia Ruaraka 1922, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Mlango ulifunguliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na wa vinywaji vikali ukachelewa zaidi. Amarwa nayo ikawekwa chini ya kibali cha chifu. Kwa hiyo mama aliyepika kwa ajili ya risaga bila ruhusa akawa mhalifu katika eero yake mwenyewe.

Wamisionari sina subira nao katika jambo hili. Waadventista, walioanza Gendia 1906 na baadaye wakajenga Nyanchwa, walikataza pombe kabisa, na wengi waliwafuata kwa dhati. Hiyo ni haki yao. Lakini kugeuza katazo la kanisa kuwa historia, na kusema kwamba kabla yake palikuwa na ulevi mtupu, ni kufuta chinsoni na risaga kwa pamoja. Wafuasi wa Mumbo, dini iliyoingia Gusii wakati wa Vita vya Kwanza na kuukataa utawala wa Wazungu, hawakuona kosa katika pombe. Wameandikwa kama walevi na wavuta bangi kwa sababu walioandika ni maafisa waliokuwa wakiwafunga.

Pesa ya kahawa kuanzia miaka ya 1930, kisha ya majani chai, iliifanya pombe kuwa biashara. Chungu kikatoka eero kikaenda sokoni. Mji wa Keroka, ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira kwenye barabara ya Sotik, unaonyesha vizuri: bonasi ya chai ikilipwa, kwa kawaida Oktoba, usiku wake unajaa watu kutoka pande zote mbili. Muziki wa benga ukachukua nafasi ya obokano. D. O. Misiani na Shirati Jazz walisikika huku, na kwa Ekegusii tukampata Christopher Monyoncho na bendi yake ya Riakimai 91 Jazz. Muziki huo unastahili makala yake.

Pigo kubwa kwa wapishi halikutoka kwa mkoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifunga vilabu vya busaa, pombe ya nafaka kama amarwa, vilivyokuwa na leseni, na 1980 ikaja sheria ya kuipiga marufuku chang'aa. Bia ya chupa ilibaki halali. Mwenye mtaji akafungua baa. Mama pima, yule muuza pombe kwa kipimo, akakimbia msako na jeri kani kichwani, akinunua usalama kwa hongo iliyomla faida. Ni katika kificho hicho ambapo wafanyabiashara wasio na haya walianza kuchanganya kemikali, watu wakapofuka na kufa, na lawama ikamwangukia yeye.

Sheria ya 2010, ile inayojulikana kwa jina la John Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, iliihalalisha chang'aa na kuweka saa za baa: kuanzia kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi. Wengi walishangilia. Lakini chang'aa halali iwe ndani ya chupa ya glasi iliyofungwa, na kinywaji kisipungue mililita 250. Mjane wa Suneka au Ikonge atapata wapi mashine ya kufunga chupa? Mlango ulifunguliwa kwa kiwanda. Leseni sasa ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti ndizo pia zinazotunza urithi wetu: jiwe la sabuni linalochongwa Tabaka linatajwa, obokano linatajwa, ngoma zinatajwa. Kimea hakitajwi, ingawa wapo bado bibi wanaojua kwa sikio tu povu la chungu limefika wapi, na hakuna afisa wa utamaduni aliyetumwa kwao na kinasa sauti.