Daktari wa meno aliyeacha koleo akashika kalamu

Nimepotea, najua. Wenzangu wawili wameacha kazi kwa mpigo na shifti zao nimezibeba mimi, kwa hiyo nikitoka kazini asubuhi ni kulala tu. Leo nina mapumziko, nimebandika maharage jikoni, ngoja niwape hadithi niliyowaahidi ya yule mwandishi wa vitabu vya makauboi.

Imeanza hivi. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi hapa Columbus, Ohio, kuna babu mmoja ambaye macho yake yamekwisha nguvu. Zamani alikuwa dereva wa malori. Kwenye kabati lake hana nguo nyingi, ana vitabu. Usiku akikosa usingizi huniomba nimsomee kurasa mbili tatu nikishamaliza kugawa dawa. Karibu vyote ni vya mtu mmoja, Zane Grey. Mwanzoni nilisoma ili babu alale. Baadaye nikajikuta nachungulia kurasa za mbele kabla ya kuondoka, nijue kama Lassiter atapona. Nikakumbuka Morogoro, nikivizia kaka atoke ili nimwibie vitabu vya Willy Gamba vya marehemu Elvis Musiba.

Babu akaniambia mwandishi huyo ni mtoto wa hapa hapa Ohio, na kwamba alikuwa daktari wa meno. Heh! Mwenzetu wa afya! Siku ya mapumziko nikawasha gari nikaenda Zanesville, mwendo wa saa moja hivi kuelekea mashariki. Mji mdogo, una daraja la ajabu lenye umbo la herufi Y. Nje kidogo, Norwich, kuna makumbusho yenye chumba chake.

Alizaliwa Zanesville tarehe 31 Januari 1872. Jina alilopewa ni Pearl, yaani Lulu. Hata kwetu Lulu ni jina la msichana, basi fikirini shuleni alivyotaniwa. Mtoto akawa wa ngumi. Baba yake, naye daktari wa meno, alikuwa mkali kupita kiasi. Kijana alipoandika hadithi yake ya kwanza akiwa na miaka 15, baba aliichana vipande vipande na kumchapa. Nadhani wengi wetu tunamjua mzazi wa namna hiyo: soma sayansi, hizo hadithi zitakulisha nini?

Baadaye baba alipoteza fedha nyingi katika uwekezaji mbaya, familia ikahamia Columbus. Kijana akawa anazunguka vijijini aking'oa meno bila leseni, mpaka wakubwa wakamsimamisha. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, mimi niliyesotea leseni ya Marekani utafikiri nasotea pepo. Kilichomwokoa ni besiboli. Alikuwa hodari wa kurusha mpira, na kwa huo mpira akapata ufadhili Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Akahitimu udaktari wa meno 1896, akafungua kliniki New York.

Kazi ilimlipa lakini haikumpendeza. Mchana meno, usiku kalamu. Kitabu chake cha kwanza, Betty Zane, kilikataliwa na wachapishaji, akajichapishia mwenyewe 1903. Kilihusu ndugu wa ukoo wake, msichana anayesimuliwa kwamba mwaka 1782 alikimbia katikati ya risasi kwenda kuchukua baruti wakati ngome yao imezingirwa.

Sasa aingie Dolly. Jina lake kamili ni Lina Roth. Walikutana 1900 huko Lackawaxen, Pennsylvania, Grey alipokuwa akipiga kasia mtoni. Wakaoana 1905. Dolly alikuwa amesoma na alikuwa na urithi kidogo. Grey akafunga kliniki, wakaishi kijijini, yeye akawa anaandika na mke anasahihisha. Mwaka 1907 akaenda Arizona na mzee mmoja mwindaji, Buffalo Jones, kukamata simba wa milimani kwa kamba wakiwa hai. Huko akajionea jangwa, makorongo na wapanda farasi. Akarudi, akaandika kitabu, akakipeleka kwa kampuni kubwa ya Harper. Mhariri akamwambia haoni dalili kwamba anaweza kuandika. Jamani, mtu ana miaka 36, kliniki kafunga, mke ndiye mwenye akiba, halafu anaambiwa hivyo!

Hakuacha. Mwaka 1910 Harper haohao wakatoa The Heritage of the Desert. Mswada uliofuata mhariri akaukataa tena, Grey akapanda ngazi kwa bosi wa juu yake, akaomba ausome. Bosi akausoma, akakubali. Ndio Riders of the Purple Sage wa 1912, ambao babu wangu anaujua karibu kwa moyo. Umeuzwa zaidi ya nakala milioni moja na kutengenezwa filamu mara tano, ya kwanza 1918, ya mwisho 1996. Kwa jumla Grey aliandika vitabu kama 90, na filamu zilizotokana na kazi zake zinapita 100. Yale makauboi tuliyoyaona kwenye mabanda ya video, mpanda farasi anatoka jangwani hana kwao, mengi yana damu ya kalamu yake.

Lakini kuna jambo lilinikaa rohoni pale Norwich. Mji wa Zanesville umepewa jina la Ebenezer Zane, mmoja wa mababu wa upande wa mama yake. Mwaka 1796 Bunge la Marekani lilimruhusu akate njia kupita msituni, akapewa na viwanja pale njia inapovuka mito. Mwaka mmoja tu nyuma yake, 1795, Washawnee, Wadelaware, Wawyandot na wenzao walioshindwa vitani walikuwa wametia saini mkataba wa kuachia sehemu kubwa ya Ohio. Kwa hiyo hiyo nchi mpya ya kwenye riwaya ilikuwa nchi ya zamani ya wenyewe. Vitabu vyake vya mwanzo havisumbuki na hilo. Baadaye aliandika The Vanishing American, iliyoanza kutoka gazetini 1922, akieleza jinsi Wanavajo walivyoonewa na wamisionari na maofisa. Shujaa, Mnavajo, anapendana na mwanamke wa Kizungu. Kelele zikawa kubwa, mwisho ukabadilishwa, na kitabu kilipotoka 1925 shujaa anakufa. Ndivyo soko lilivyotaka.

Fedha zilipokuja, Grey hakukalika. Alikuwa na huzuni nzito zinazomshika kwa wiki nzima, leo tungeita ugonjwa wa sonona. Dawa yake ilikuwa kuondoka. Arizona, Tahiti, New Zealand, Australia. Mwaka 1930 huko Tahiti alivua samaki mmoja wa kilo zaidi ya 470. Na safarini aliandamana na wanawake wengine, Dolly akijua. Dolly alibaki California na watoto watatu, akisoma miswada, akipatana bei na wachapishaji, akitunza mahesabu. Walikubaliana mapato wagawane nusu kwa nusu.

Grey alifariki kwa moyo tarehe 23 Oktoba 1939, nyumbani kwake Altadena. Miswada aliyoacha ilikuwa mingi kiasi kwamba Harper waliendelea kutoa vitabu vyake vipya hadi 1963. Dolly alifariki 1957. Ile nyumba ya Altadena iliungua katika moto mkubwa wa Januari 2025.

Nilimsimulia babu haya yote usiku. Ya Dolly hakuyajua. Akanyamaza kidogo, akasema yeye alikuwa barabarani miaka 31, na mkewe ndiye aliyekuwa anasaini karatasi za shule za watoto.

Mimi nikanyamaza pia. Mwanangu yuko Morogoro kwa mama yangu, mwaka wa nne huu. Nikituma picha nikiwa kwenye theluji watu wananisifu, mwanamke jasiri, mpambanaji. Anayeamka saa kumi na moja kumpeleka mtoto shule hakuna anayemsifu. Dolly angalau alipata nusu. Mama namtumia kinachobaki nikishalipa kodi ya nyumba na gari.

Asubuhi ile nilimpigia. Sikumweleza habari za makauboi, nilimuuliza tu yeye mwenyewe anahitaji nini, si mtoto. Alishangaa, akasema nimpe muda afikirie. Bado anafikiria.

Haya, maharage yananukia kuungua. Tuonane wiki ijayo nikijaliwa, na nyie mlioko mbali niambieni, kwenu nani amebaki nyumbani?