Sonona: ugonjwa, si upungufu wa imani

Sonona ni istilahi ya afya ya akili. Inataja ugonjwa ambao mtu huelemewa na huzuni, au hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2. Usingizi hupotea au huzidi, chakula hakipandi, mwili huchoka bila kazi, mawazo hayatulii, na mgonjwa hujilaumu kupita kiasi. Wengine hutamani kufa.

Asili yake ni kitenzi sonona, yaani kuumia sana moyoni, ndugu yake sononeka. Wapo wanaoandika unyogovu, lakini neno hilo linabeba maana ya ulegevu na uvivu, hivyo linamhukumu mgonjwa kabla hajapimwa. Huzuni ni pana mno: aliyefiwa ana huzuni, na si mgonjwa. Msongo wa mawazo hutokana na mzigo fulani, kama deni au ugomvi, nao hupungua mzigo ukitua. Sonona yaweza kubaki hata deni likilipwa. Ndiyo maana nashikilia sonona: linataja maumivu bila kumlaumu anayeumia.

Lawama hiyo si jambo dogo katika vijiji vya Wakristo kama Wampembe, wilayani Nkasi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mama aliyezoea kuongoza sala za jumuiya akinyamaza, au mvuvi akiacha ziwa na kwaya kwa pamoja, ni rahisi kusema imani imepoa, au ameingiliwa na pepo.

Maandiko hayaendi haraka hivyo. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, kisha akaamshwa ale mara ya pili. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ni sala. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana.

Mwambao huuhuu ulimjua mtu aliyeyaunganisha hayo mawili. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomea utabibu Malta, alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawa katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuhitaji kuchagua kati ya rozari na dawa.

Sonona inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na hazifai kuachwa mara tu mgonjwa anapopata nafuu. Na lawama haimfai hata aliyejiua: Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba matatizo mazito ya akili yanaweza kupunguza uwajibikaji wake, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake.

Basi jumuiya iendelee kumwombea mgonjwa, na impeleke kituo cha afya. Aulizwe waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, na safari ya hospitali isingoje kesho.