Mgeni akikuuliza, usimjibu "whatever": jinsi ya kutumia maneno ya Kiingereza yenye "-ever"

Ni asubuhi na mapema Karatu, magari ya safari yanajaza mafuta kabla ya kupanda kwenda geti la Loduare. Mgeni anamuuliza dereva: leo tuanze na viboko au simba? Dereva, kwa moyo mweupe kabisa, anataka kusema "chochote utakacho wewe, bosi". Anajibu kwa kifupi: "Whatever."

Mgeni ananyamaza, na safari imeanza vibaya.

Kosa liko wapi? "Whatever" ikisimama peke yake haina maana ya "chochote". Mzungu anaisikia kama "shauri yako" au "potelea mbali". Hata Marekani kwenyewe watu inawakera. Kwenye kura za maoni za Chuo cha Marist, New York, kuanzia 2009 neno hilo lilitajwa miaka mingi mfululizo kuwa linaloudhi kuliko yote katika mazungumzo. Dereva angeongeza maneno mawili tu yangemwokoa: "Whatever you like." Hapo ndipo inakuwa "chochote upendacho".

Kwa Mtanzania maneno haya si magumu kuyaelewa, kwa sababu Kiswahili kina kitu kilekile: "-ote". "Whoever" ni yeyote, "whatever" ni chochote au lolote, "wherever" ni popote, "whenever" ni wakati wowote. "Whichever" ni chochote pia, ila kati ya vichache ambavyo tayari viko mezani. Ukiwa na maboksi mawili ya chakula, la kuku na la mboga, mwambie mgeni "Take whichever you want".

Tabu inaanza kwenye kupanga sentensi. Vijana wengi wa Karatu wameanza na Kiiraqw nyumbani, wakasoma msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari wakakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Akili inatafsiri moja kwa moja, na sentensi inatoka imepinda.

Chukua hii: "Yeyote atakayewahi atakaa mbele." Wengi husema "Whoever will come first, he will sit in front." Makosa ni mawili. La kwanza, baada ya neno la "-ever" Kiingereza hakitaki "will", hata kama jambo ni la kesho. La pili, ile "he" haihitajiki, maana "whoever" ameshafanya kazi ya mtendaji. Kiswahili kinalazimisha "a-" kwenye "atakaa", ndiyo maana ulimi unaitafuta. Sahihi ni "Whoever comes first will sit in front." Vivyo hivyo, "lolote litakalotokea" ni "whatever happens", siyo "whatever will happen".

"However" nayo ina sura mbili. Ile ya shuleni, yenye koma mbele yake, ni "hata hivyo". Ya pili ni "hata iwe vipi", na hapa ndipo watu huteleza. "Hata uwe umechoka vipi" watu husema "However you are tired". Inatakiwa sifa ikae papo hapo baada ya "however": "However tired you are." Tembo akisogelea gari, sema "However close he comes, don't shout." Yaani hata akisogea karibu vipi, usipige kelele.

"Whenever" inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mara nyingi ni "kila": "Whenever we see lions, keep your voice down", kila tukiona simba, punguza sauti. Lakini "Whenever you are ready" ni lugha ya adabu inayomaanisha "ukiwa tayari, hakuna haraka". Ni nzuri sana mezani kwenye loji. Ndani ya kreta saa 11 jioni ni balaa, kwa sababu magari yanatakiwa yawe yameshatoka kabla ya saa 12. Mgeni ukimwambia hivyo ataendelea kupiga picha za pundamilia bila wasiwasi wowote, na hana kosa, ruhusa umempa wewe. Sema tu "We have to leave now, please."

Jingine ni kwamba maneno haya hayaachi mlango wazi. "Wherever we stop, stay in the car" maana yake ni popote tutakaposimama, bila kubagua. Sasa mkifika Ngoitokitok, sehemu ya kulia chakula, ambako kushuka kunaruhusiwa, mgeni atabaki kwenye kiti akikushangaa. Au mbaya zaidi, atashuka akiamini kuwa maagizo yako yote ni ya mdomoni tu. Kwa hiyo taja kisichohusika: "Wherever we stop, stay in the car, except at the picnic site." Onyo lisilo na msamaha lianze na "Whatever you do": "Whatever you do, don't feed the monkeys." Hapo mgeni anaelewa kwamba hilo halina mjadala.

Kuna siku pia "ever" utaiona imeandikwa mbali kidogo, neno la pili: "How ever did you see that rhino?" Hapo hakuna "vyovyote" wala "hata vipi". Ni mshangao, kama mtu anayesema "We! Umemwonaje yule faru?" Usianze kumweleza habari za darubini. Anakusifia, sema asante.